Kilomita 21 bila kuishiwa njiani: mwongozo kamili kwa wanachama wa klabu za mbio Dodoma

Kila kosta ya klabu inaporudi Dodoma kutoka kwenye mbio za mkoa mwingine, naletewa maneno yaleyale: "Kocha, nilikuwa vizuri mpaka kilomita ya 13, halafu miguu ikagoma." Safari hii anayesema ni dada wa Kisasa, safari iliyopita alikuwa kaka wa Miyuji. Wote wanajua kukimbia na hawakosi mazoezi ya Jumamosi. Lakini wamezoea mwendo mmoja tu, ule wa kundi, na siku ya mbio wanauacha huo na kufuata mwendo wa mtu wasiyemjua aliyesimama mbele yao.

Kosa hilo nimelifanya na mimi nikiwa kiongozi. Mwaka mmoja niliwapeleka watu 14 nje ya mkoa, nikawaambia twende pamoja kama familia. Tulianza pamoja kweli. Kumi na mmoja walimaliza wakitembea, na mama mmoja alitapika kilomita mbili kabla ya mwisho. Haya ninayoandika hapa ndiyo ninayowafundisha tangu siku ile.

Mpango ni wa wiki 12. Unamfaa mwanachama anayeweza tayari kukimbia kilomita 6 hadi 8 bila kusimama, anayetaka kumaliza nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, akiwa bado na nguvu. Kama kilomita 5 bado zinakutembeza, jipe wiki sita za kukimbia na kutembea kwa zamu kwanza. Na kama una presha, kisukari, ulishawahi kubanwa na kifua ukikimbia, au umevuka miaka 40 na ndiyo kwanza unaanza, nenda ukapimwe hospitali kabla ya hatua ya kwanza.

## Mahitaji

- Raba za kukimbilia, pea moja nzuri
- Soksi pea tatu zisizo za pamba tupu
- Saa yoyote yenye kuhesabu dakika na sekunde, au simu
- Mafuta ya mgando, kwa mapaja, makwapa na chuchu
- Kizibao kinachong'aa kikipigwa na taa, na tochi ndogo
- Sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri, kwa akina mama na akina dada
- Chupa ya maji ya nusu lita
- Daftari na kalamu
- Mizani, hata ile ya duka la dawa la jirani

Nikae kidogo kwenye raba, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Wengi wetu tunanunua mtumba, na hakuna ubaya. Ubaya ni kununua kwa kufuata rangi. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikibonyea na kurudi, bado ina uhai. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekufa hata kama kiatu kinang'aa. Viweke vyote viwili mezani, uvitazame kwa nyuma. Kimoja kikilalia upande, kimeshachukua umbo la mguu wa aliyekivaa kwanza, na kitakuumiza goti. Kikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kisha pitisha kucha kwenye gundi kuzunguka soli yote, kwa sababu raba iliyokaa sana ghalani hubanduka ghafla barabarani.

Jaribu kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na umevaa soksi yako ya mazoezi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Ukibanwa hapo, kucha zitakuwa nyeusi baada ya mteremko wa kwanza.

Onyo: usiende kwenye mbio na raba ambayo hujaikimbilia angalau kilomita 50. Hata ile mpya ya zawadi.

## Hatua ya 1: Chagua mbio moja, uhesabu wiki kurudi nyuma

Klabu zinazojiandikisha kwenye mbio tatu ndani ya miezi miwili hazijiandai kwa hata moja. Chagueni moja, muweke tarehe yake kwenye daftari, mhesabu wiki 12 kurudi nyuma.

Kwa mtu wa Dodoma mbio mbili zinajulikana zaidi. NBC Dodoma Marathon hufanyika nyumbani, mwezi Julai. Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Maandalizi yake hayafanani hata kidogo.

Ukijiandaa kwa Julai, unaanza mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mvua zinaondoka, asubuhi kuna baridi nzuri, adui wako ni upepo. Ukijiandaa kwa Moshi, unaanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wakati joto la Dodoma liko juu kabisa, kisha mvua zinashuka na njia za vumbi zinageuka tope.

Halafu kuna sura ya njia yenyewe. Nusu marathoni ya Moshi hupanda kuelekea Mweka, kisha hushuka kurudi mjini. Watu hujiandaa kwa kupanda tu, wakasahau kushuka. Mteremko ndio unaovunja mapaja, kwa sababu kila hatua msuli unafanya kazi ya breki huku unavutika. Tuna vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hapa hapa. Vitumie kwa kupanda na kwa kushuka pia.

Ukienda kukimbia Dar es Salaam, jiandae kwa jambo jingine. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Jasho linakauka na kukupoza. Dar hewa ina unyevunyevu, jasho linatiririka tu bila kukauka, na mwili unabaki na joto lake. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto la namna hiyo, na sisi tunakwenda kwa siku mbili. Kwa hiyo punguza lengo lako. Sekunde 15 hadi 20 zaidi kwa kila kilomita ni hesabu ya busara.

Mkijiandikisha, andikeni majina kama yalivyo kwenye kitambulisho na mtunze ujumbe wa malipo. Msibadilishane namba za kifuani hata mtu akiugua dakika ya mwisho. Mtu akianguka, watu wa huduma ya kwanza wanamtambua kwa namba ile. Ikiwa na jina la mwingine, ndugu watakaopigiwa simu si wake.

Utajua umefanikiwa: kila mwanachama anaweza kukutajia tarehe ya mbio, mahali penye mlima, na wiki aliyopo, bila kuangalia simu.

## Hatua ya 2: Pima kilomita 10 kabla ya kupanga lolote

Bila kipimo, lengo ni ndoto. Watu huniambia wanataka saa mbili kwa sababu jirani amekimbia saa mbili.

Wiki ya kwanza, Jumamosi, tafuteni njia tambarare ya kilomita 10. Kama mna kiwanja chenye njia ya mita 400, ni mizunguko 25. Pasheni mwili dakika 10, kisha kila mtu akimbie peke yake, kwa nguvu anayoweza kuishikilia mpaka mwisho. Andika muda.

Chukua dakika zako, zidisha kwa 2.25. Hilo ndilo lengo la nusu marathoni kwa mtu anayeikimbia mara ya kwanza au ya pili. Mzoefu anaweza kuzidisha kwa 2.2.

- Kilomita 10 kwa dakika 50: lengo ni kama saa 1 na dakika 52, kasi ya 5:20 (dakika 5 na sekunde 20) kwa kilomita
- Dakika 55: saa 2 na dakika 4, kasi ya 5:52
- Dakika 60: saa 2 na dakika 15, kasi ya 6:24
- Dakika 65: saa 2 na dakika 26, kasi ya 6:56
- Dakika 70: saa 2 na dakika 37, kasi ya 7:28

Namba hiyo ya mwisho, kasi kwa kilomita, iandike kwenye jalada la daftari kwa maandishi makubwa. Rudieni kipimo wiki ya 8 na mrekebishe.

Onyo: aliyeamka na homa asipimwe, wala asifanye zoezi lolote siku hiyo. Akapime malaria kwanza. Kukimbia na homa huuelemea moyo, na hakuna kikombe cha mbio kinachostahili hilo.

## Hatua ya 3: Jifunze miendo mitatu

Hapa ndipo penye ufunguo wa mwongozo wote, kwa hiyo soma taratibu.

Sote tumekulia kwenye mchakamchaka. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Ni utamaduni mzuri na ndio uliotukusanya. Shida ni kwamba wimbo una mwendo mmoja. Aliye mzito anakimbia juu ya uwezo wake kila Jumamosi, aliye mwepesi anakimbia chini ya uwezo wake kila Jumamosi, na baada ya mwaka mzima wote wawili wako palepale.

Lakini wimbo huohuo ni kipimo kizuri kuliko saa ya bei kubwa.

Mwendo wa kuimba. Unaweza kuitikia wimbo mzima bila kukata pumzi. Hapa unatakiwa utumie muda mwingi wa mazoezi, kama sehemu nne kati ya tano. Watu wanaudharau kwa sababu hauchoshi, lakini ndio unaojenga mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kuufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Tena mifupa na mishipa ya kano hukomaa polepole kuliko pumzi. Ndiyo maana mtu anayejiona amepata pumzi wiki ya tatu huanza kuumwa mifupa ya mbele ya miguu wiki ya tano.

Mwendo wa sentensi. Unasema maneno manne au matano, kisha unavuta hewa. Huu ndio wa mbio zenyewe kwa wengi wetu.

Mwendo wa kimya. Huna la kusema. Ni wa vipande vifupi tu.

Jumamosi fanyeni hivi: kilomita mbili za kwanza kimbieni wote pamoja na wimbo wenu. Kisha mgawanyike makundi matatu kwa kufuata kipimo cha kilomita 10, si kwa urafiki wala cheo. Kila kundi liwe na kiongozi anayeangalia saa na mfunga mkia ambaye kazi yake ni moja, kutomwacha mtu nyuma. Mfunga mkia awe mkimbiaji mzuri. Kumpa kazi hiyo aliyechoka ni kuwaacha wawili badala ya mmoja.

Utajua umefanikiwa: kufikia wiki ya nne, ukimfunika mtu saa yake na kumwambia akimbie kilomita moja kwa kasi ya kwenye jalada la daftari, anakosea kwa sekunde zisizozidi 10.

## Hatua ya 4: Panga wiki yako

Siku tatu zinatosha. Nne ni nzuri. Sita ni njia ya mkato ya kwenda kwa daktari wa mifupa.

Jumanne, zoezi gumu. Wiki ya 1 hadi ya 4 ni mlima: chagua mpando wa mita 150 hadi 200, panda mara sita kwa mwendo wa sentensi unaoelekea kuwa wa kimya, shuka ukikimbia pole na hatua fupi. Wiki ya 5 hadi ya 10 ni vipande: kilomita moja mara nne hadi sita, kila kilomita kwa sekunde 10 hadi 15 pungufu ya kasi ya lengo lako, yaani haraka zaidi, ukipumzika dakika mbili au tatu za kutembea katikati. Kila baada ya wiki moja badilisha, fanya kilomita mbili mara tatu kwa kasi ileile ya lengo.

Alhamisi. Kilomita 5 hadi 8, mwendo wa kuimba. Ukimaliza, chuchumaa na kuinuka mara 15, simama kwenye ngazi upandishe na kushusha visigino mara 20, rudia mara tatu. Dakika kumi tu, na magoti yatakushukuru Moshi.

Jumamosi, mbio ndefu. Mwendo wa kuimba mwanzo hadi mwisho. Kilomita kwa wiki, kuanzia ya kwanza: 10 za kipimo, 10, 11, 8, 12, 14, 15, 11, 16, 18, 12, kisha mbio. Kipimo cha wiki ya 8 kinakaa ndani ya zile 11, baada ya kilomita moja ya kupasha mwili.

Ona kwamba wiki ya 4 na ya 8 umbali unashuka. Wanaoruka mapumziko hayo kwa kujiona wako imara ndio wanaonipigia simu wiki ya 9 wakichechemea. Mwili hujijenga ukipumzika. Zoezi kazi yake ni kuubomoa kidogo tu.

Hakuna haja ya kukimbia 21 kabla ya siku yenyewe. Aliyemaliza 18 kwa mwendo wa kuimba atamaliza 21. Ukikosa wiki moja kwa ugonjwa au msiba, usiifidie, endelea na wiki iliyopo. Ukikosa tatu mfululizo, badilisha mbio.

## Hatua ya 5: Ijue barabara, upepo na giza la Dodoma

Mwezi Julai jua letu huchomoza karibu saa 12:50 asubuhi. Novemba ni karibu saa 12:10. Ukianza saa 11 alfajiri, sehemu kubwa ya zoezi ni gizani, na bodaboda wengine hawana taa. Kizibao kinachong'aa si pambo.

Kimbia upande wa kulia wa barabara ili utazamane na magari. Unaona kinachokuja na una sekunde mbili za kuruka pembeni. Msikimbie zaidi ya wawili kwa safu kwenye barabara ya Singida na ya Dar es Salaam, malori hayana pa kukwepea. Akina dada wasiachwe peke yao alfajiri hata kwa mita 300, wala asiachwe mgeni. Hilo ni jukumu la mfunga mkia, na klabu isiyolitimiza isianze mazoezi gizani.

Upepo wetu hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na kuanzia Juni ni mkali. Siku ya upepo, anza kwa kuelekea upande wa Ihumwa, mashariki mwa mji, ukiwa bado una nguvu, urudi mjini unasukumwa. Wanaofanya kinyume hurudi wamelowa jasho na wanapulizwa kifuani wakati wamechoka. Mkiwa kundi, kimbieni nyuma ya mmoja na mpokezane kila dakika mbili.

Njia za vumbi ni laini kwa magoti, nazipenda kwa zoezi la Alhamisi. Ila tazama chini: mbigili hutoboa raba yenye soli nyembamba, na miiba ya migunga iliyokatwa kwa ajili ya uzio hutoboa hata nene.

## Hatua ya 6: Jifunze kula na kunywa mapema

Kwenye hewa kavu jasho hukauka kabla hujaliona. Unadhani hukutoka jasho, kumbe umepoteza lita nzima.

Pima uzito kabla ya zoezi la saa moja, na baada ya zoezi, bila nguo zenye jasho. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Ukipungua nusu kilo kwa saa na hukunywa kitu, basi unapoteza nusu lita kwa saa, na hiyo ndiyo hesabu yako. Kiasi cha kunywa hakifanani kwa watu wawili, kwa hiyo usiige chupa ya mwenzako.

Onyo: usinywe hadi uzito uongezeke. Maji mengi kupita kiasi hupunguza makali ya chumvi kwenye damu, na hilo linaweza kumwangusha mtu kabisa. Kichwa kuuma, kichefuchefu na vidole kuvimba baada ya kunywa sana ni dalili za kuacha kunywa na kutafuta msaada.

Kwa mazoezi ya zaidi ya saa moja, tengeneza kinywaji nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ni kipimo kilekile cha maji ya mtoto anayeharisha. Kamulia limau ukipenda.

Baada ya dakika 50 hivi mwili unaanza kuhitaji sukari. Wengi hutafuta vifuko vya jeli vya bei ya juu, wakati tunaishi kwenye mji wa zabibu. Kiganja cha zabibu kavu, kama gramu 40, kinakupa karibu gramu 30 za wanga, na hizo zinatosha kwa saa moja. Zitafune kidogokidogo na maji. Zijaribu kwanza kwenye mbio ndefu, kuna matumbo yasiyozipenda. Tende pia zinafaa.

Siku mbili kabla ya mbio ongeza wanga: wali, ugali, viazi vitamu, tambi. Jioni ya mwisho punguza maharage, mboga za majani nyingi, pilipili na nyama ya kukaanga. Naupenda mlenda kama Mgogo yeyote, ila jioni hiyo naupumzisha. Ubuyu vilevile: una nyuzinyuzi nyingi, unywe ukishamaliza.

Asubuhi kula saa mbili na nusu hadi tatu kabla ya kuanza. Uji, mkate, ndizi mbivu, chai. Kama mbio zinaanza saa 12:30, unaamka saa 9:30 usiku, unakula, unarudi kulala. Fanya hivyo kabla ya zile kilomita 16 na zile 18, tumbo lisikutane nalo kwa mara ya kwanza ugenini.

Onyo kubwa: usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kabla ya mbio "ili maumivu yasije". Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo za mtu aliyeishiwa maji juani tayari ziko kwenye shida. Nimeona watu wakigawiana vidonge kwenye kosta kama pipi. Kiongozi akemee hapo hapo.

## Hatua ya 7: Safiri bila kuiacha miguu barabarani

Fikeni siku moja kamili kabla. Kutoka Dodoma hadi Moshi kupitia Kondoa, Babati na Arusha ni safari ya kutwa. Kila saa mbili kosta isimame, watu washuke watembee dakika tano. Miguu iliyokunjwa kutwa huvimba na kuwa mizito. Kwenda Dar sasa kuna treni ya SGR, na kwa mkimbiaji naipendelea kuliko basi kwa sababu unaweza kusimama na kutembea njiani.

Vitu vya mbio, yaani raba, bukta, fulana, soksi, mafuta ya mgando na zabibu, vikae kwenye begi la mkononi. Begi la buti linaweza kubaki stendi.

Mkifika, nendeni mkachukue namba kwanza, chakula baadaye. Kisha pitieni angalau kilomita tatu za mwisho za njia kwa gari au kwa miguu, mjue mahali penye kona ya mwisho. Usiku wa mwisho wengi hawapati usingizi, wala hilo lisikuogopeshe. Usingizi unaobeba mbio ni wa usiku wa juzi yake, basi huo ulinde.

## Hatua ya 8: Siku ya mbio

Paka mafuta, funga kamba za viatu mafundo mawili, nenda msalani mapema. Pasha mwili dakika nane kwa kutembea na kukimbia pole.

Kabla ya kupanga mstari, andika kwa kalamu mkononi muda wako wa kilomita 5, 10 na 15. Kwa mwenye lengo la saa 2 na dakika 15 ni hivi: kilomita tano za kwanza kwa 6:34 kila moja, apite kwenye dakika 32:50. Kisha ashike 6:24, apite kilomita 10 kwenye 1:04:50 na kilomita 15 kwenye 1:36:50. Hapo yuko nyuma ya lengo kwa sekunde 50. Sekunde hizo atazidai kilomita sita za mwisho, nane nane kila kilomita, huku akiwapita watu waliomkimbia mwanzo.

Kwa nini kuanza pole? Ukizidisha kasi mwanzoni unachoma sukari ya misuli haraka, na akiba hiyo ikishaisha hairudi kwa kunywa soda njiani. Sekunde 20 unazozipata kilomita ya kwanza utazilipa kwa dakika tatu kilomita ya 17.

Jirani yetu Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimpita mpinzani wake mita za mwisho kabisa kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kilomita 42 alivumilia, akaufungua mguu pale ulipohitajika. Waonyesheni wanachama mwisho wa mbio zile kabla ya kusafiri.

Kilomita ya kwanza kila mtu atakupita. Atakupita mzee, atakupita mtoto wa shule, atakupita hata yule uliyemwacha Jumamosi iliyopita. Soma mkono wako. Kwenye kituo cha maji punguza mwendo, bana mdomo wa kikombe, meza mafunda mawili au matatu, yanayobaki mwagia kichwani.

Kichomi kikikubana, punguza kasi, toa pumzi ndefu kwa nguvu, bonyeza mahali panapouma. Msuli wa kigimbi ukikaza, simama uunyooshe taratibu na usiupige ngumi.

Onyo la uhai: ukimwona mwenzako anayumba, anaongea visivyoeleweka au hajui yuko wapi, mbio zako zimesimama hapo. Mweke kivulini, mvue fulana, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwite mtu wa huduma ya kwanza. Kumpoza kunaanza kwanza, gari linafuata. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Utajua umefanikiwa: kilomita yako ya 20 haikuwa polepole kuliko ya 5.

## Hatua ya 9: Ukishavuka mstari

Usiketi. Tembea dakika 10, kunywa kidogokidogo, kula ndani ya saa moja: ndizi, mayai, wali na nyama, chochote chenye wanga na protini. Badilisha nguo zilizolowa kabla ya kupanda kosta. Wiki inayofuata ni kutembea na mbio fupi za kuimba tu, na maumivu ya mapaja siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, yanayouma hata ukiwa umelala, si ya kawaida, nenda ukaonwe.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, fungua daftari uandike muda wa kilomita 5, 10, 15 na wa mwisho, ulichokula, ulipoanza kuchoka, na hali ya hewa. Jumamosi ya kurudi mazoezini kila mmoja aje na daftari lake. Kaeni kwenye majani baada ya kupoza mwili, kila mtu asome namba zake kwa sauti, na kiongozi apange makundi matatu ya msimu unaofuata kwa kufuata namba hizo.